Anamtafuta Mama Mkubwa Vichwani mwa Wateja

Kichwa cha kwanza cha asubuhi kimeshainamishwa magotini mwa msusi, na swali la kwanza limeshatoka.

"Haya mwanangu, kwenu nani alikatazwa kumwoa nani?"

Mteja anacheka. Msusi hacheki. Wateja wanamwita Mama Vidole, na rasta za kichwa kizima zinamchukua saa tano, kwa hiyo ukikaa kwenye mkeka wake utaongea, upende usipende.

"Ukimuuliza mtu jina la bibi yake, anakwambia 'Bibi'," anasema, akivuta nywele kwa nguvu kuliko inavyohitajika. "Baba yake bibi je? Anakutumbulia macho. Lakini muulize ndoa iliyovunjwa kwa sababu ya undugu! Hapo atakutajia ukoo mzima mpaka mate yamkauke."

Anayemtafuta ni dada wa mama yake. Wazazi walipokufa, mabinti wao wawili waligawanywa: mkubwa akachukuliwa na upande wa baba, mdogo akaondoka na mjomba wao aliyekuwa fundi saa, akahama naye mbali. Hawakuonana tena. Mdogo huyo, ndiye mama yake msusi, sasa ana miaka sabini na minane, macho yamefifia, na kila siku anaketi kwenye benchi la chumba hiki cha kusukia. Anataka amshike dada yake mkono kabla mmoja wao hajaondoka duniani.

Mwandishi anamuuliza bibi huyo jina la dada yake.

"Dada," anajibu. "Nilikuwa na miaka sita. Ningemwita nani tena?"

Mama Vidole anasonya. "Umesikia? Hiyo ndiyo taarifa niliyonayo. Nenda nayo popote."

Alikwenda nayo ofisi ya vyeti vya kuzaliwa. Huko aliambiwa alipie nakala, bei ya vichwa vitatu, tena alete majina kamili ya wazazi pamoja na tarehe ya kuzaliwa. "Nikamwambia karani, baba, ningekuwa nayajua hayo ningekuja kwako kufanya nini?"

Karani akamwambia afuate utaratibu. Jibu lenyewe linachosha hata kuliandika.

Ndugu nao ni balaa jingine. Watoto wa fundi saa walimfungia geti. "Ukiuliza babu alizaliwa na nani, wao wanasikia umekuja kugawa mali. Mali gani jamani? Fundi saa aliacha bisibisi na saa mbovu!"

Ndipo akageukia vichwa. Mwezi uliopita alikaa mwalimu wa chekechea, akaulizwa swali lile lile. Akasimulia kwamba kaka yake alitaka kuoa mjukuu wa fundi saa mmoja, bibi yao akainuka kitandani na kupiga marufuku: "Yule fundi saa ni mjomba wangu, ndiye aliyeondoka na mdogo wangu. Hamwoani!"

"Chanuo lilinidondoka," anasema Mama Vidole.

Waliondoka papo hapo kwenda kwa bibi huyo, nusu ya kichwa cha mwalimu ikiwa haijasukwa. Lakini mlangoni walimkuta mjomba wa mwalimu, mtoto wa yule bibi, amekunja mikono. "Wadogo waliopotea mjini ni wengi," alisema. "Lete cheti." Mwalimu alimsihi, akaambiwa asiingilie mambo ya wakubwa. Ndani mtu alikuwa anakohoa.

"Cheti!" Mama Vidole anapiga paja. "Nimezikimbia karatasi miaka yote hii, kumbe zimetangulia kunisubiri mlangoni!"

Jumapili anarudi, na safari hii atakayetangulia ni mama yake. Nyuma ya sikio lake la kushoto mama huyo ana kovu la utotoni. Dada yake alimchoma na chanuo la moto akimnyoosha nywele, wakaapa wasimwambie mtu.

"Jumamosi namsuka mwenyewe, nywele zote juu, kovu lionekane. Huyo bwana akitaka muhuri, muhuri huo hapo. Amwite mama yake, aseme ni nani aliyeupiga."

Bibi, pale benchini, anapapasa nyuma ya sikio.

"Na nikimkuta, mwanangu, nimwite nani?"

Vidole vinasimama juu ya kichwa cha mteja.

"Mwite Dada, mama. Ataitika."