Alama za Heshima

Nina ugonjwa wa kuhofia vitu visivyo na kichwa wala miguu, na mwaka ule nilimhofia jini niliyemtunga mwenyewe.

Kila Jumamosi baada ya alasiri, chumba changu cha kushonea hapa Shella kiligeuka uwanja wa mchezo. Nilikunja mapazia ya wateja, nikafuta chaki kwenye meza ya kukatia vitambaa, na watu watatu wakaketi kuizunguka: binamu yangu, jirani yangu Mhindi mwenye duka la rangi, na mwalimu wa chekechea, binti kutoka Vitengeni aliyepanga chumba nyumba ya pili. Mchezo wenyewe ni wa hadithi. Kila mmoja anakuwa mtu fulani katika mji wa kale uliojaa majini. Mimi nasimulia yanayowakuta na kuwasemea majini wote, na penye mashaka tunarusha dadu.

Kabla ya kuanza, kila mchezaji hupewa alama azigawe kwenye uwezo wake: Nguvu, Wepesi, Elimu. Mimi kwa ujuaji wangu nikaongeza uwezo wa nne, Heshima. Niliona aibu kuwa na mji wa Waswahili ambamo watu wanaingia majumba ya wenyewe bila hodi na kuanza kukata vichwa. Sheria yake ilikuwa fupi: viumbe wawili wakiamkiana na kuitikiana, hakuna tena wa kumdhuru mwenzake, wala wenzao hawaruhusiwi. Nilidhani ni pambo tu.

Binamu alimwaga alama zake zote kwenye Nguvu, akawa shujaa wa upanga. Jirani akataka Wepesi, akawa mwizi. Mwalimu, ambaye hata maji ya kunywa alikuwa akiyaomba kwa kunong'ona, aliziweka zote kwenye Heshima, akajifanya bibi kizee mwenye bakora.

Jini wa kwanza alikuwa na vichwa viwili na umri wa miaka elfu. Binamu ameshashika dadu, tayari. Bibi kizee akainamisha kichwa, akasema kwa sauti ya mtoto aliyelelewa akaleleka, "Shikamoo."

"Marahaba," nikajibu.

Sikufikiri. Mdomo ulijibu wenyewe. Nimekulia nyumba ambayo kuiacha shikamoo ikining'inia ni sawa na kumzaba mtu kofi. Basi jini wangu akawa hana la kufanya ila kuwakaribisha ndani.

Siku ile tulicheka. Jumamosi iliyofuata bibi akamwamkia zimwi wa kisimani, nikaitikia. Akamwamkia nyoka mlinda hazina, nikaitikia. Nikatunga jini kijana, mdogo kuliko bibi, nikidhani sasa nimempata. Mwalimu hakusema neno, alimtazama tu, mpaka jini akaona haya akamwamkia yeye. "Marahaba, mwanangu," akasema bibi, na vita vikaishia hapo.

"Dada, hesabu zako zimelala upande mmoja," jirani akaniambia. "Mpunguzie mwalimu, muongezee shujaa."

Yeye anachanganya rangi dukani, anaona kila kitu kinarekebishika kwa kuongeza na kupunguza. Ningemuongezea shujaa Nguvu za kupasua mlima, angempasua nani, ikiwa kila adui ameshawaandalia kahawa? Na mwalimu nimpunguzie kwa kosa gani? La kuwa na adabu? Mezani kwangu ndipo nilipomsikia akicheka kwa mara ya kwanza.

Binamu ndiye aliyeninyima raha. Alikuwa mhudumu wa hoteli. Watalii walipopungua, wakubwa wake wakamwambia apumzike kidogo, na kile kidogo kikawa hakina mwisho. Shangazi, mama yake, aliniambia kuwa Jumamosi ndiyo siku pekee anayonyoa ndevu. Sasa naye alianza kukaa mezani kama abiria, dadu hazigusi. Siku moja tukimaliza akasema, "Dada, nyumbani sina kazi. Nije na hapa niwe sina kazi?"

Aliyasema akitabasamu, na tabasamu lile lilinitisha kuliko angefoka. Nikamuuliza kama Jumamosi atakuja. "Tutaona," akasema, akatoka.

Wiki ile nilishona mikono ya gauni la bibi harusi nje ndani. Nilipanga alama, nikapangua. Kila nikimuwaza amelala kitandani, uso ukutani, ndevu zimeota, nilianza kupanga upya. Mwisho nikaona kuwa dawa imo ndani ya sheria yenyewe: lazima uitikiwe. Kwa hiyo kilichotakiwa ni mimi kunyamaza tu. Dawa nyepesi, na ya aibu.

Jumamosi alikuja, tena kachelewa. Akakaa karibu na mlango, makubadhi miguuni. Nikamleta jini wa lango, mkongwe kuliko wote. Bibi kizee akainama.

"Shikamoo."

Niling'ata ulimi. Nilisikia feni ikizunguka juu yetu.

"Shikamoo," akarudia, chini zaidi.

Nikatazama meza. Masikio yaliniwaka moto. Nilipoinua macho, mwalimu alikuwa ananitazama mimi, si jini. "Dada," akasema kwa sauti yake mwenyewe, "nimekukosea?"

Nilifungua mdomo, na hapo nilikuwa namwitikia, mchezo na ufe. Kiti kikaanguka. Binamu alikuwa amesimama.

"Hakuitikia?" akauliza. "Bibi mtu mzima kamwamkia mara mbili, asiitikie? Huyu jini kalelewa wapi?"

"Kaka, tulia, ni mchezo," jirani akasema.

"Nitatulia vipi? Hebu lete dadu hapa!"

Akazirusha mpaka moja ikaruka chini ya cherehani. Tulipiga magoti kuitafuta, na ilipopatikana tukaona zimemwangukia vibaya kabisa, moja na moja. Ilibidi niyasimulie yaliyomkuta. Jini alimnyanyua shujaa, akambamiza ukutani, upanga ukavunjika. Nilisema huku namchungulia binamu usoni, roho mkononi, nikiungoja mguu wake uelekee mlangoni.

Alikiinua kiti chake, akakisogeza hadi mezani, akakaa mbele ya mwalimu na kumkinga kwa mkono.

"Zamu yangu inarudi lini?" akauliza.