Mitiki Kwenye Shamba la Kuazima

Kwa miaka kadhaa swali lililoninyima usingizi lilikuwa hili: je, shangazi alijua tangu siku ya kwanza kwamba vile vijiti nilivyokuwa nafukia shambani kwake havikuwa mihogo? Kama alijua akanyamaza, basi alinipa ruhusa. Kama hakujua, basi nilimwibia. Nililigeuza swali hilo kama mtu anayegeuza godoro akitafuta upande usio na kunguni, na kila upande uliniuma.

Nilikuwa nimemaliza chuo, shahada ya misitu, nikarudi nyumbani, kijiji kilicho mwendo mfupi kutoka Mingoyo kwenye njia ya kwenda bara. Nilituma maombi ya kazi na kusubiri. Shangazi ni dada mkubwa wa marehemu baba, mjane asiyejaliwa mtoto. Aliniona nimekaa barazani na simu mkononi wiki baada ya wiki, akasema, "Kuna kile kipande nyuma ya mikorosho, kimekaa bure. Kilime mpaka hiyo kazi yako ije."

Kwetu mtu akikuazima shamba hakuna karatasi, lakini kuna sharti ambalo kila mtu analijua: unapanda kitu cha msimu. Ufuta, mtama, kunde, mbaazi. Hupandi mti. Aliyepanda mti ana neno la kusema siku ardhi ile itakapogombaniwa, na akifa, watoto wake nao wana neno. Ndiyo maana mtu anaweza kukuazima shamba miaka kumi bila kinyongo, lakini akikuta umechomeka mche mmoja wa mkorosho atauondoa bila kukuuliza, na hakuna atakayemlaumu.

Nililijua sharti hilo vizuri. Ila kichwani nilikuwa na mambo ya chuo pia: kwamba mtiki hukua haraka, kwamba ardhi ile inaufaa, kwamba nikianza mapema, kufikia umri wa makamo nitakuwa na mbao zangu mwenyewe hata nisipopata kazi. Tulifundishwa nafasi kati ya mche na mche, mita mbili na nusu. Hatukufundishwa namna ya kumwambia shangazi.

Nilikusudia kumwomba. Niliandika hata maneno kwenye simu, nikayafuta, nikayaandika upya. Nikaona bora nimwambie baada ya swala ya Ijumaa, akiwa ametulia. Ijumaa ikafika, akawa na wageni. Nikasema nimwambie nikishapata miche, ili aione. Miche nikaipata kwenye kitalu kimoja huko Rondo, mia mbili, ndani ya gunia nililolilowesha maji. Mtiki haupandwi na majani yake. Mche hung'olewa kitaluni, shina likakatwa karibu na ardhi, mizizi midogo ikapunguzwa, kikabaki kijiti kinene kama kidole gumba. Ukikiona hukijui, utasema ni kipande cha muhogo.

Shangazi alinikuta nimeinama, mvua za kwanza zimeshalainisha udongo.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Mihogo ya wapi hiyo, mbona mifupi hivyo?"

"Mbegu ya wataalamu, shangazi."

Alicheka. "Siku hizi hata mihogo inakwenda shule." Akapita zake kwenye mbaazi zake.

Mimi sikusema ni mihogo. Jibu hilo nililishikilia muda mrefu kama hirizi. Sikusema ni mihogo, yeye ndiye aliyesema.

Miche ilishika vizuri kuliko nilivyotarajia. Kila kijiti kilitoa machipukizi mawili matatu, nikaacha moja lililonyooka na kuondoa mengine kwa vidole. Nilipalilia mara tatu msimu ule. Majani yakapanuka yakawa makubwa kama sinia, mazito, yakikwaruza kama msasa. Nakiri kwamba nilifurahi. Kila asubuhi nilikwenda kuyatazama, na kwa saa moja au mbili sikufikiria barua za kazi.

Siku moja nilimkuta shangazi amesimama katikati ya mistari. Alikuwa amechuma jani changa, akalifikicha, na vidole vyake vimekuwa vyekundu, kwani jani la mtiki hutoa rangi namna hiyo. Nilisimama nyuma ya mkorosho nikisubiri aniite. Angeniita, ningesema yote. Alivifuta vidole kwenye kanga, akaondoka. Jioni nilipompa shikamoo aliitikia "marahaba" peke yake. Ile "mwanangu" haikufuata, siku ile wala zilizofuata.

Ningeweza kumfuata. Badala yake nilikaa nikipima ile marahaba: labda amechoka, labda jino linamuuma. Nilikuwa hodari wa kutafuta sababu zisizonihusu.

Mwaka wa pili niliitwa kwenye usaili Dodoma. Ilikuwa Oktoba, wakati watu wanasafisha mashamba na kuchoma takataka. Kazi sikuipata. Niliporudi nilikuta nyasi za upande wa jirani zimeungua zote, weusi umefika hadi mguuni pa mstari wangu wa kwanza, ukakoma hapo. Jirani ndiye aliyenihadithia.

"Moto ulinitoroka. Shangazi yako aliupiga kwa matawi, yeye na mimi, mpaka akakaa chini. Nikamwambia, bibi, acha iungue, si mihogo tu hiyo." Akanitazama kwa kicheko. "Akaniambia, hiyo ni jasho la mtoto, haiungui."

Nilikwenda kumshukuru. Nilimshukuru kwa kuzima moto, na juu ya miti yenyewe sikusema kitu. Alikuwa na malengelenge kiganjani. Akasema, "Haya," akaendelea kuchambua mbaazi.

Basi miti ikasimama. Ilipotimiza miaka mitatu ilikuwa imeupita urefu wa nyumba yake, na kivuli kikaanza kuzila mbaazi zake zilizokuwa karibu. Alizisogeza. Msimu uliofuata akazisogeza tena, hadi kwenye kipande kilicho kando ya barabara.

Kwenye kipande hicho ndipo nilipomkuta kaka, mtoto wa baba mkubwa, akichimba mashimo. Pikipiki yake ilikuwa pembeni, miche ya mikorosho imefungwa nyuma, mingine ameshaipanda katikati ya mbaazi.

"Kaka, shangazi amekuruhusu?"

"Wewe alikuruhusu?"

"Mimi alinipa nilime."

"Na mimi nalima." Akaendelea kuchimba. "Usinitazame hivyo, mdogo wangu. Sote tulikuwa tunangoja nani aanze. Tukasema, hawezi kuanza yule msomi, ana aibu yule. Kumbe wewe ndiye uliyetangulia, tena na mia mbili."

"Shangazi yuko hai, kaka."

"Hilo ungeliwaza mwaka ule."

Alikuwa amesema kwa sentensi moja jambo nililolizunguka miaka yote ile.

Nilikwenda moja kwa moja kwa shangazi. Alikuwa uani, amekaa kwenye mkeka, na kwa mara ya kwanza sikupanga maneno. Nilimwambia kwamba sikumwomba kwa sababu niliogopa atakataa, kwamba nilimwacha aamini ni mihogo, na kwamba kaka yuko kule anachimba. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Ya kwake nitaing'oaje?" akasema. "Niing'oe ya kwake, niiache ya kwako, halafu nikae na watu niwaambie nini?"

"Niandike karatasi, shangazi. Niandike kwamba miti ni yako, tumpelekee mwenyekiti wa kijiji agonge muhuri."

"Karatasi ataisoma nani? Watu wanasoma miti." Alijisogeza kunipa nafasi mkekani. "Mimi nisingekunyima. Ungeniomba, ningewaita ndugu zako wote, nikawaambia hapa, nyuma ya mikorosho, nimempa huyu. Nani angesema kitu? Sasa nikikupa leo nitakuwa nimekupa kwa kushindwa. Na yule naye atataka apewe."

Nilimuuliza swali langu lile la siku zote: alijua lini?

"Tangu kwenye gunia. Mimi nimelima mihogo maisha yangu yote, mwanangu, nisijue kijiti cha muhogo?" Lile "mwanangu" alilitamka bila kulipa uzito wowote, na ndilo lililoniliza. "Nilikuuliza ili uniambie."

Nililia palepale mkekani, na yeye hakunibembeleza. Aliniacha nimalize.

Usingizi haukunijia usiku ule pia, lakini mawazo yalikuwa mafupi. Mtiki ukiukata, shina huchipua upya, tena kwa nguvu kuliko mwanzo. Kuukata kungekuwa kuahirisha tu, na kuahirisha ndiyo kazi niliyokuwa nimeifanya vizuri kuliko zote. Ilibidi visiki vitoke na mizizi yake.

Asubuhi nilianza na shoka, sululu na jembe. Mti wa kwanza ulinichukua muda mrefu kwa sababu nilisimama mbele yake nikiushika gome. Ulikuwa umenyooka, hauna kasoro, na kosa halikuwa lake. Baada ya huo sikusimama tena. Kukata, kuchimba kuzunguka, kukata mizizi, kung'oa, kufukia shimo. Watu walipita, wakasimama. Jirani aliuliza kama nimerogwa. Mwingine alisema elimu nyingi nayo ni maradhi. Nguzo nilizozipata nilizipanga kando ya nyumba ya shangazi, atakachozifanyia ni juu yake. Kazi ilinila wiki tano, na mwishoni viganja vyangu havikuweza kufumbika.

Nilipofukia shimo la mwisho shangazi alikuja akatazama, akasema, "Sasa ya kwake naweza kuing'oa, kesho asubuhi." Hata kuoga sikuoga. Nilikwenda kwa kaka, nikamkuta anaosha pikipiki.

"Miti yangu imetoka," nikamwambia.

"Nimesikia. Mimi sikukwambia uing'oe."

"Najua. Nimekuja kukwambia kwamba kesho asubuhi shangazi anakwenda kung'oa mikorosho yako. Nitakuwa naye. Ukitaka kumwomba ardhi, njoo umwombe mbele ya wote, kama mimi nilivyotakiwa kufanya."

Alikamua kitambaa, akaendelea kuosha pikipiki. Asubuhi hakuja. Shangazi alitangulia, mimi nikafuata na jembe lake, na tukaanza na mche uliokuwa karibu zaidi na barabara.