Mama Vikopo na Kimelea chenye Koo Nyingi

Jua ndiyo kwanza linachomoza, na Mama Vikopo ameshafungua madirisha ya maabara, amefuta meza mara mbili na kupanga vikopo vyake vya vifuniko vya buluu. Akina mama wanaanza kuingia, mtoto mgongoni, mkononi mfuko mweusi uliofungwa utadhani una magendo.

"Lete, mwanangu, usione haya," anamwambia mmoja. "Choo cha watoto ndicho kilichonisomeshea wanangu."

Kazi yake ni kutafuta kimelea cha tumboni kinachowaharisha watoto wadogo na kuwadhoofisha. Zamani ilikuwa hadubini, basi. Siku hizi sampuli hupelekwa pia kwenye mashine ya vinasaba, nayo imeleta mapya: vimelea vyenye sura ileile, kumbe ni vya koo tofauti.

Hadubini yake ya kwanza bado iko rafuni, ile yenye kioo cha kunasa mwanga wa jua. Wingu likipita, kazi ilisimama na soga zikaanza. Aliyemfundisha kuitumia ni mtaalamu wa maabara waliyemwita Babu Miwani, mkali lakini mcheshi. Mama Vikopo anaipapasa na kutabasamu peke yake. Jamani, anasema, siku zile zilikuwa tamu.

Lakini walianza vibaya. Alifika hapa akiwa mama kijana, na mwanawe wa kwanza, aliyekuwa ametibiwa, akaugua tena. Babu Miwani akachungulia, akakiona kimelea kilekile, akatangaza mbele ya foleni nzima kwamba mama huyu hakumpa mtoto dawa. Mama mkwe alikuwa pale pale.

"Nilimpa mpaka tone la mwisho," anasema. "Ningemwonyesha nini?"

Alilia njia nzima. Baadaye akaomba kazi ya usafi hapohapo, ili siku moja naye achungulie ajionee. Kufagia kukawa kujifunza, na wale wawili wakaishia kuwa kama baba na binti. Neno lile hawakuligusa tena.

Asubuhi hii, kwenye benchi, kuna mama kijana mwenye shida hiyohiyo. Mumewe anashikilia kwamba dawa ilimwagwa, na amekuja naye kuhakikisha. Majibu ya mashine yanatoka: kimelea cha mwanzo na cha sasa si vya ukoo mmoja. Daktari anawaeleza kwamba inaelekea dawa ilifanya kazi na mtoto ameambukizwa upya, hivyo waangalie maji ya nyumbani.

Mume anamchukua mtoto mgongoni kwa mama yake, anambeba mwenyewe. Mama Vikopo anakwenda kwenye sinki kunawa mikono, na ananawa kwa muda mrefu.

Majibu ya mwanawe hatayapata kamwe. Sampuli ilishatupwa, na mtoto mwenyewe sasa ana ndevu.

Mwisho wa mwaka anastaafu. Babu Miwani yu hai, ila macho yamefifia, na safari ya kwanza ya Mama Vikopo itakuwa kwake, amsimulie habari za mashine. Ninapomuuliza kama anataka aombwe radhi, anacheka na kutikisa kichwa.

"Siku ile hakuniuliza, alinihukumu tu," anasema. "Nataka aniulize, 'Binti yangu, ulimpa dawa?' Nami nimjibu, 'Nilimpa, Baba.'"