Unga Mweupe Kwenye Vitabu Adimu

"Nyabo, hilo ni vumbi tu, na glavu ni za kulinda vitabu," bosi wa chumba cha vitabu adimu pale chuoni aliniambia nilipomwomba glavu za kufanyia usafi. Hapo uvumilivu ukaniisha.

"Na mwanangu analindwa na nani?"

Zamani vitabu vile vilinyunyiziwa sumu ya mchwa. Unga wake mweupe bado umo kwenye kurasa, nami naupangusa kwa mikono mitupu. Nikifika nyumbani Kawempe, mtoto anarukia titi kabla sijavua gauni la kazi. Wiki hii anakohoa, na mimi naogopa maziwa yangu mwenyewe.

Nikaenda ofisi ya utawala, nikaandika: "Nalalamika kwamba napangusishwa sumu bila glavu. Unga upimwe, mwanangu apimwe. Mpaka majibu yatoke, sigusi kitabu."