Simbilisi Wawili na Mkono wa Mama

Simbilisi wale sikuwatafuta. Mwalimu mwenzangu, mwenyeji wa Njombe, alipata uhamisho wa kurudi kwao, na siku ya kupakia vyombo akaona boksi la wanyama wake halina nafasi kwenye gari. "Chukua, hii ni mboga," akaniambia, akaniachia majike wawili, mmoja wa kahawia mwenye baka jeupe usoni na mwingine mweusi tii. Huku Hanang hatuli simbilisi. Ni mnyama asiye na mkia, mdogo, anayepiga kelele kama filimbi akisikia kisu kinakata sukuma wiki. Ukimwekea mgeni mezani atakuuliza kama mambo yamekuwa mabaya kiasi hicho.

Basi nikawaweka sebuleni, kwenye nyumba yangu ya kupanga pale Katesh. Mwezi wa kwanza waliniudhi. Kila nikipita walikimbilia kona ya boksi wakajibanza huko wakitetemeka. Mimi ni mwalimu wa darasa la tatu na nina hasira za karibu, na hakuna kinachonikera kama kiumbe kinachonikimbia kabla sijakifanyia ubaya.

Ndipo nikaona kwenye simu video ya mama mmoja wa Ulaya akimfundisha chinchila wake. Chinchila ni mnyama wa manyoya mazito ambaye sijawahi kumwona kwa macho, wala sidhani kama nitamwona. Yule mama alishika kidude kinachotoa mlio mdogo, ta. Mnyama akifanya anachotakiwa, ta, halafu anapewa punje ya chakula. Hakuna fimbo, hakuna kufoka. Chinchila alipanda kwenye mizani mwenyewe, akazunguka, akaingia kikapuni kwa hiari yake. Niliirudia ile video mpaka bando likakata. Kidude kama kile sikuwa nacho, lakini nilikuwa na kalamu nyekundu ya kubonyeza, ile ninayosahihishia madaftari, nikaona nayo inafaa.

Samaki mkunje angali mbichi, na simbilisi wangu walishakauka zamani. Siku tatu za mwanzo sikuwadai chochote. Nabonyeza, natoa kipande cha karoti kisichozidi ukucha. Nabonyeza, natoa. Walipoanza kugeuza vichwa wakisikia mlio, nikaweka kijiti mbele ya boksi. Anayekigusa kwa pua, ta, karoti. Wa kahawia alielewa siku ya pili. Mweusi alichukua wiki nzima, na nilimsema sana. Kanuni ni moja tu, nayo ni ngumu kwa mtu wa hasira: ukishabonyeza, hata kama umebonyeza kwa makosa, lazima utoe. Baada ya miezi miwili walikuwa wanatoka wenyewe, wanavuka sakafu, wanaingia kikapuni ili nisafishe boksi lao. Nilijivuna. Niliwaita walimu wenzangu waje kuona.

Masika ile mama akaanguka. Alikuwa anaishi Gitting, kwenye shamba la ngano na viazi alilobaki nalo baada ya baba kufariki. Mama alikuwa mtu wa maneno machache, na katika hayo machache hamkuwa na hata moja la kusifu. Nilipofaulu darasa la saba nilimpelekea habari nikikimbia. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama ng'ombe wameshakunywa maji. Sikuona ajabu, mama zetu wengi ndivyo walivyo. Asubuhi hiyo walimkuta zizini, ndoo ya maziwa imepinduka, mdomo umekwenda upande. Tukampeleka hospitali ya Haydom. Kiharusi kilikuwa kimeondoka na mkono na mguu wa kulia, na sauti yote. Akili waliniambia ni nzima, anasikia kila kitu. Kaka zangu wako mbali, kwa hiyo alipotoka hospitali alikuja kwangu, nikamtandikia godoro hapo hapo sebuleni, karibu na dirisha.

Mtaalamu wa mazoezi alikuwa ameniagiza: kila siku ashike maharage kwa mkono wa kulia, moja moja, ayahamishe kutoka sahani moja kwenda nyingine. Mama alikataa. Nikimwekea sahani anageuza uso ukutani. Nilibembeleza, nikafoka, nikaomba radhi kwa kufoka, nikafoka tena. Kitu pekee alichokitazama siku nzima ni simbilisi. Jioni nilipowatoa na kubonyeza kalamu, macho yake yaliwafuata kutoka boksi hadi kikapuni, na siku moja nusu ya uso wake ikacheka.

Siku ya kwanza nilifanya bila kufikiri. Nilikuwa nimekaa kando yake nikimlisha ndizi, kalamu mkononi kwa sababu nilikuwa nasahihisha, nikaona kidole chake cha shahada cha mkono wa kulia kimenyanyuka. Nikabonyeza. Nikampa kipande cha ndizi. Akala. Kesho yake kidole kilinyanyuka tena, nikabonyeza, nikampa. Halafu vidole viwili. Halafu kiganja chote. Sikujiuliza mara mbili. Nilichukua daftari nikaandika maendeleo yake kila siku kwa wino uleule mwekundu, kama ninavyofanya kwa wanafunzi, na nilikuwa na furaha ambayo sikuwa nayo tangu aanguke. Wiki ya tano alishika kikombe kitupu kwa mkono wa kulia, akakinyanyua hadi kidevuni. Nilibonyeza mara tatu mfululizo, nikampa ndizi nzima.

Jumapili moja mama mdogo, mdogo wake wa tumbo moja, alikuja kutoka Gitting na kiroba cha viazi vya shamba la mama. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba, akakaa. Ilikuwa saa ya mazoezi. Nikaendelea, nikitaka aone.

"Hiyo kalamu unamfanyia nini dada yangu?" akauliza.

"Ni mazoezi, mama mdogo. Akinyanyua mkono nabonyeza, halafu nampa chakula kidogo."

"Na hao panya?"

"Siyo panya, ni simbilisi. Hao nao ndivyo nilivyowafundisha."

Hayo niliyasema kwa mdomo wangu mwenyewe, tena nikitabasamu. Mama mdogo aliangalia boksi, akaangalia kipande cha ndizi kilichokuwa bado kwenye vidole vyangu.

"Wewe ulichelewa kutembea," akasema taratibu. "Wenzako wanakimbia, wewe unatambaa. Kila jioni mama yako akitoka shamba alikushika mikono, anakuzungusha uani mpaka giza. Hakukupa kitu, mwalimu. Alikushika tu."

Mama alisikia yote. Alitazama boksi, akatazama kalamu, kisha akanitazama mimi, na nilijua ameelewa kitu ambacho mimi mwenyewe ndiyo kwanza nakielewa. Nilitamani sakafu inimeze. Nikaweka kalamu mfukoni, nikaenda jikoni kuosha sufuria ambazo zilikuwa safi.

Jioni hiyo mama alifunga mdomo. Nilimletea uji, akageuza uso. Mama mdogo alipochukua kijiko kilekile, mama akala. Jumatatu mama mdogo akaondoka kuwahi mifugo, na kuanzia hapo mama hakula. Jumanne hakula. Jumatano alikunywa maji kidogo kutoka mkononi mwa nesi jirani yangu, mwenyeji wa Mbeya, lakini uji alikataa hata kwake. Nesi akaniita nje. "Huyu kama hajala mpaka Ijumaa turudi naye hospitali awekewe mpira wa kulishia puani," akasema. "Mtu wa umri wake, amedhoofika hivi, hachukui siku nyingi."

Niliogopa kama sijawahi kuogopa. Mama yangu alikuwa anakufa njaa ndani ya nyumba yenye chakula, na sababu ni mimi. Kalamu niliitupa chooni. Boksi nililibeba hadi mlangoni kwa nesi, simbilisi wakipiga kelele humo ndani wakidhani ni wakati wa karoti. Kwao Mbeya wanaliwa. Sikumuuliza atawafanya nini, na yeye hakunieleza.

Alhamisi mchana nilichemsha viazi alivyoleta mama mdogo, nikavikata vipande, nikavitia chumvi. Nikaweka sahani juu ya mkeka karibu na godoro, nikapiga magoti. Nilisema kwa lugha yetu, kwa sababu Kiswahili ni cha shuleni na dukani.

"Mama, nimekukosea. Niliona mkono unapona, nikasahau kwamba ni mkono wako. Nisamehe, ule."

Kisha mkono wa kulia ukatoka chini ya blanketi, ukitetemeka, ukaingia kwenye sahani. Kipande cha kwanza kilidondoka. Cha pili alikishika. Mkono ukapanda hadi usawa wa kifua, hadi usawa wa kidevu, ukaupita mdomo wake, ukaja kwangu. Akasubiri.

Nikafungua mdomo. Akaniwekea kiazi, akanitazama nikitafuna, mpaka nikameza. Akachukua kingine. Machozi yalikuwa yananitiririka na chumvi ya viazi sikuisikia tena. Alinilisha hivyo mpaka sahani ikaisha, na ilichukua karibu saa nzima, kwa sababu vilivyodondoka alivitafuta kwenye mkeka kimoja kimoja. Mpaka leo sijui kama alikuwa ananisamehe au ananiadhibu. Ninavyomjua mama, huenda alifanya yote mawili kwa pamoja. Alipomaliza alinifuta midomo kwa pindo la kanga yake, akalala, akafumba macho.

Ijumaa asubuhi nilimsogezea uji na kijiko. Alikisukuma kijiko pembeni, akashika kikombe mwenyewe, akanywa.

Aliishi miezi saba baada ya hapo. Hakukubali tena nimlishe, hata siku ambazo mkono ulimgomea kabisa. Alijilisha kwa mkono ule wa kulia, uji nusu ukiingia mdomoni na nusu ukimwagikia kifuani, ukishuka kwenye blanketi, ukipoa huko. Mimi nilikaa kwenye kigoda hatua mbili kutoka kwake, kitambaa mkononi, nikisubiri amalize ndipo niruhusiwe kupangusa.