Mawingu ya Mama Kati ya Nyota

Sisi tuliokulia Dundori miaka ya hamsini, kwenye shamba la mzungu, tulizijua nyota kabla ya kujua a, e, i. Saa kumi alfajiri tulikuwa njiani na mama zetu kwenda kukamua, miguu peku kwenye umande. Watoto wa siku hizi wakiamka wanatafuta chaja. Waulize nyota ziko wapi, watachungulia simu. Ebo!

Mwezi wa tatu, ule mkanda mweupe wa nyota ulikaa juu yetu na mabaka yake meusi. Mama aliniambia, "Hayo ni mawingu. Nyota ziko nyuma." Alijuaje? Huko bondeni taa za Nakuru zilikuwa zinawaka, halafu moshi wa jiko la kukaushia maua ya pareto unashuka, unazifunika. "Sasa mji umeenda wapi?" mama aliniuliza. "Si uko tu hapo?"

Shuleni mwalimu akasema mabaka yale ni matundu, mahali pasipo na kitu. Mimi na kiherehere changu nikasimama: "Mama anasema ni mawingu." Akaniamuru nimlete.

Mama alikuja na aproni inayonuka maziwa, akaeleza mambo ya moshi, pole pole. Mwalimu, mtu wa cheti kimoja na kiburi cha vyeti kumi, akamuuliza, "Wewe mama, kusoma unajua?" Darasa likaangua kicheko. Mama akanitazama mimi. Nami nilitaka sana kupendwa na yule mwalimu, nikacheka pia. Kwa sauti.

Tangu siku hiyo tulikamua kimya. Hakuniambia tena habari za juu, mpaka nikamzika.

Juzi jioni mjukuu wangu ninayekaa naye Section 58, mtaa wa Nakuru mjini, kanijia mbio na simu. "Shosho, cheki! Kati ya nyota kuna mawingu ya gesi na vumbi. Yale mazito yanaficha nyota za nyuma. Hata jua letu liko ndani ya moja jepesi!"

Nikamwambia mama yangu alijua. Akacheka mpaka akashika mbavu. "Ati mkamuaji?"

Niliinua mkono nimzabe kofi, halafu nikaushusha. Ningempigaje?

Nikatoka nje nikaangalia juu. Taa za mji zimejaa kila mahali, huoni hata baka moja. Zamani anga lote lilikuwa letu, na mama alikuwa kando yangu, tayari kunionyesha. Sasa wote wanajua alichosema, na mimi sina tena wa kumwomba msamaha.