Mikono ya Mlaza Watu

Baba mkubwa wangu alikuwa akiwalaza watu. Kwa miaka ishirini na tisa hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake katika chumba cha upasuaji: kabla daktari hajashika kisu, yeye anakuchoma sindano, anakuuliza una watoto wangapi, na kabla hujamaliza kuwahesabu umeshaondoka. Mtaani walimwita Mlaza Watu. Akisimama kutoa neno kwenye mkutano, hakosekani mtu wa kusema tujishikilie kwenye viti tusije tukaanguka, na yeye mwenyewe anacheka kuliko wote.

Nchi yetu ni ndogo. Upande wetu hospitali inayopasua ni moja, na wenye ujuzi wa kulaza wagonjwa walikuwa watatu. Mmoja alifariki, mwingine akapata kazi ng'ambo, akabaki Ba'mkubwa. Chuo chetu cha uuguzi hakifundishi fani hiyo. Katika miaka kumi wizara ilipeleka nje vijana sita kuisomea, na hajarudi hata mmoja. Ba'mkubwa hakuwahi kuwasema vibaya. Alikuwa akiuliza tu, "Warudi wafanye kazi kama zee hili, bila hata siku moja ya kuugua?"

Mimi ni karani wa masijala katika hospitali hiyo hiyo. Majalada ya wagonjwa wote hupitia mikononi mwangu, kwa hiyo nilikuwa wa kwanza kuuona ugonjwa wake, ingawa sikujua ninachokiona. Mwandiko wake ulianza kupungua. Herufi zilibanana, zikawa ndogo kama sisimizi, na mstari ukawa unateremka. Nikadhani ni kalamu. Halafu Jumapili moja, nikiwa kwao, nikamwona mama mkubwa anammiminia chai nusu kikombe, naye anakishika kwa mikono miwili. Nami nikanywa yangu.

Kumbe yeye alijua siku nyingi, na alikuwa ameshaanza kujiandaa. Pale chumba cha upasuaji alikuwepo muuguzi mmoja tuliyemwita Sista, mwanamke wa miaka thelathini na tisa, mkimya, aliyefanya naye kazi miaka kumi na moja. Ba'mkubwa alikata kipande cha godoro, akapanga vifuniko vya chupa ndani yake kama pingili za mgongo, akamfundisha kutafuta kwa kidole mahali sindano ya ganzi ya mgongoni inapopita. Walifanya hivyo kila mchana, watu wakienda kula. Baada ya mwaka akamruhusu achome mgonjwa, yeye akiwa amesimama begani pake. Sista akachoma wa kwanza, wa kumi, wa arobaini. Mkono wake ulikuwa mwepesi, wagonjwa walikuwa wanauliza, "Mtanichoma saa ngapi?" na tayari miguu imekufa ganzi.

Kisha wakaja wakaguzi wa Baraza la Wauguzi. Walikaa mezani kwangu siku mbili wakifungua majalada, wakaona miandiko miwili kwenye fomu za sindano ya mgongo.

"Huu ni wa nani?" aliniuliza mmoja wao, mama mwenye miwani, kwa upole kabisa.

Niliulizwa, nikajibu. Mpaka leo sijui ningesema nini kingine.

Barua ikaja baada ya wiki mbili. Sista asiguse sindano ya mgongo mpaka awe na cheti cha fani hiyo. Kisheria hawakukosea. Ila hakuna aliyeuliza kwa nini muuguzi anafanya kazi ile, na mwenye kazi yupo.

Siku kumi na tisa baadaye, Jumanne, kama saa nne asubuhi, aliletwa mwalimu wa chekechea mwenye mimba ya miezi minane. Presha yake ilikuwa mia mbili na kitu, macho yanaona ukungu. Kama mtoto asingetolewa, wangekwenda wote wawili. Dawa ya kumlaza usingizi ingeipandisha presha zaidi, na mashine ya kupumulia ilikuwa mbovu tangu mwezi uliopita. Ilibaki sindano ya mgongo.

Nilikuwa nimepeleka jalada lake, nikabaki mlangoni.

"Jikunje mwalimu, kama paka," Ba'mkubwa alimwambia. "Hivyo hivyo. Usitikisike."

Lakini aliyetikisika ni yeye. Alichoma, akagonga mfupa. Akachomoa, akachoma tena, yule mama akalia. Ba'mkubwa akaiweka sindano kwenye sinia.

"Daktari, siwezi."

"Jaribu mara moja tu, Mzee."

"Nikijaribu tena nitamlemaza. Mikono imeniacha." Akageuka. "Mwanangu, njoo."

Sista hakusogea. "Mzee, nimeandikiwa barua."

"Barua nimeisoma. Njoo."

Daktari akaenda kwenye sinki, akafungua maji. "Mimi nanawa," alisema. "Niko huku, sioni kitu."

"Hapana, daktari," Ba'mkubwa akasema. "Utaona. Na mimi nitaandika."

Sista akavaa glavu. Alipapasa mgongo kwa kidole, akachoma mara moja tu. Baada ya nusu saa nikasikia mtoto analia, sauti nyembamba kama ya mlango usiotiwa mafuta. Mama na mtoto walipona wote.

Jioni jalada likaja mezani kwangu. Kwa zile herufi zake ndogo Ba'mkubwa alikuwa ameandika: Mikono yangu imeshindwa. Sindano imechomwa na Sista kwa amri yangu, na ameichoma vizuri kuliko mimi.

Mama mkubwa alinifuata hadi nyumbani kwangu. "Karatasi si hupotea, mwanangu?" aliniuliza, kitambaa kikiwa mdomoni. Nilimwambia hupotea. Usiku huo sikulala, na asubuhi nilipofika kazini nikamkuta Ba'mkubwa amekaa kwenye kiti changu.

"Usiiguse," alisema. "Wakiisoma wataona kwamba Sista anaweza. Watampa nafasi ya kusoma."

Aliamini hivyo kweli. Nikalipeleka jalada kwa wakaguzi kama lilivyo.

Walilisoma. Ba'mkubwa akastaafishwa kwa ugonjwa. Sista akasimamishwa, baadaye akahamishiwa zahanati kupima watoto uzito, na ombi lake la masomo likaambiwa lisubiri adhabu iishe. Chumba cha upasuaji kikafungwa kwa kufuli, na wagonjwa wakawa wanapakiwa kwenye gari kwenda hospitali kuu, mwendo wa saa tatu. Tangu kifungwe nimefunga majalada matano ya waliofia njiani. Wanne ni kina mama.

Kila Ijumaa napita kwa Ba'mkubwa, naye huniuliza, "Wangapi?" Mwanzoni nilikuwa namdanganya. Siku hizi namwambia, anaitikia kwa kichwa, anaangalia pembeni.

Mwezi wa sita Sista alikuja kumuaga. Amepata kazi ng'ambo, kuhudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea. Alisimama mlangoni akilia, anasema Mzee nisamehe, Mzee nisamehe. Ba'mkubwa akamwambia hana la kumsamehe, aende akapumzike. Alipotoka, mzee akasogeza kikombe chake pembeni, akanigeukia.

"Wewe una umri gani sasa?" akaniuliza.

"Arobaini na mmoja."

"Hebu nyoosha mikono."

"Ba'mkubwa, mimi ni karani."

"Nyoosha, nione."

Nikainyoosha. Aliiangalia kwa muda mrefu, akavuta pumzi ndefu. "Haitetemeki," akasema. Wote wawili tulijua hakuna chuo kitakachompokea karani wa umri wangu. Lakini sikuirudisha mikono chini. Niliiacha pale mbele yake, mpaka mama mkubwa alipoingia kuondoa vikombe.